Kupora na Kupata: Picha Mbili za Mafuriko ya New Orleans

Jumanne tarehe 30 Agosti 2005, siku moja baada ya kimbunga Katrina kupiga pwani ya Louisiana, picha mbili ziliingia kwenye ukurasa wa habari wa Yahoo. Ya kwanza ilikuwa ya shirika la Associated Press, imepigwa na Dave Martin. Kijana mweusi anapita kwenye maji yaliyomfika kifuani, anaburuta mfuko mkubwa unaoelea, kwapani amebana katoni ya soda. Maelezo chini ya picha yalisema anapita majini baada ya kupora duka la vyakula. Ya pili ilipigwa na Chris Graythen wa Getty Images, ikasambazwa na shirika la Ufaransa, AFP. Mwanamume na mwanamke, wote Wazungu, nao wamo kwenye maji ya kifua, nao wamebeba vitu. Hawa, maelezo yakasema, wanapita majini baada ya kupata mkate na soda kutoka duka la jirani.

Mji ni ule ule, na hata soda ipo pande zote mbili. Kilichotofautiana ni kitenzi.

Watu wakazibandika picha hizo ubavu kwa ubavu na kuanza kutumiana. Ijumaa ya tarehe 2 Septemba, katika matangazo ya moja kwa moja ya runinga ya NBC ya kuchangisha fedha za waathirika, mwanamuziki Kanye West aliacha maneno aliyoandaliwa na kusema ya kwake: ukiona familia ya watu weusi, wanasema inapora; ukiona ya Wazungu, wanasema inatafuta chakula. Kinachokumbukwa zaidi ni sentensi aliyomalizia kuhusu Rais George W. Bush kutowajali watu weusi, nayo ndiyo iliyopigiwa kelele. Mimi naona ile ya kwanza ndiyo iliyokuwa nzito.

Sasa, kisa hiki husimuliwa vibaya mara nyingi. Husimuliwa kana kwamba yuko mhariri mmoja aliyekaa na picha zote mbili mezani, akamtazama mweusi akaandika “amepora”, akawatazama Wazungu akaandika “wamepata”. Haikuwa hivyo. Ni wapiga picha wawili, mashirika mawili, kila mmoja na dawati lake, na hakuna aliyejua mwenzake anaandika nini. Yahoo ilizipokea tu kama zilivyokuja. Na kila upande ulikuwa na utetezi wenye kichwa na miguu. Shirika la AP lilieleza kwamba Martin alimwona kijana akiingia dukani na kutoka na vitu. Graythen alieleza kwamba kwenye duka la kona alikopiga picha yake vitu vilikuwa vinaelea vyenyewe nje, na kwamba kwa maoni yake wale wawili walivipata, hawakuvipora. AFP iliomba picha yake iondolewe, Yahoo ikaiondoa na kusema inasikitika kwamba picha hizo zikitazamwa pamoja huenda zilionyesha upendeleo wa rangi.

Kwa hiyo hatuna mwongo hapa. Hilo ndilo linalokifanya kisa kistahili kuchambuliwa, maana mwongo angekuwa rahisi: angefukuzwa kazi na mambo yakaisha.

Tuanze na maneno yenyewe. “Aliingia dukani akatoka na vitu” ni jambo la kuonwa kwa macho. “Alipora” ni hukumu. Ndani ya hukumu hiyo kuna madai mengi ambayo kamera haiwezi kuyajua: kwamba vitu vilikuwa bado na mwenye kuvitaka, kwamba palikuwa na mtu wa kupokea hela, kwamba aliyevichukua alikuwa na chakula nyumbani. Lakini tuwe waadilifu, “walipata” nayo ni hukumu, ila ya huruma. Mkate hauna tabia ya kumfuata mtu. Soda ile ilikuwa na duka na duka lilikuwa na mwenyewe. Kwa Kiswahili tungesema wameokota, na anayeokota hushukuru Mungu, haombi radhi. Kupora tunakujua: mporaji kwetu ni yule anayekunyakulia simu akiwa juu ya pikipiki. Kati ya maneno hayo mawili lilikuwapo la tatu, jepesi kabisa, ambalo lingewafaa wote watatu: wamebeba. Kijana amebeba soda. Mume na mke, kama ni mume na mke, wamebeba mkate. Hakuna aliyelifikiria.

Kwa nini mpiga picha mmoja, akiwa amelowa, amechoka, na maelezo yanatakiwa ndani ya dakika chache, aliona wizi, na mwingine akaona riziki? Siwezi kuingia kichwani mwa Martin wala Graythen, na sitaki kuwavisha ubaya. Ninachoweza kutazama ni udongo ambao maneno yao yaliangukia.

Udongo huo ulikuwa umelimwa siku nyingi. Mwaka 1996 mtafiti wa sayansi ya siasa Martin Gilens alichapisha hesabu ya picha za maskini katika majarida matatu makubwa ya habari ya Marekani kati ya mwaka 1988 na 1992. Asilimia 62 ya maskini waliopigwa picha walikuwa weusi. Hali halisi wakati huo: weusi walikuwa asilimia 29 ya maskini wa nchi nzima. Wamarekani walipoulizwa wao wenyewe wakisie, jibu la katikati lilikuwa nusu kwa nusu. Yaani picha zilizidisha mara mbili, na wasomaji wakaamini karibu kiasi hicho hicho. Hakuna makala hata moja iliyolazimika kusema uongo ili jambo hilo litokee. Ilitosha mhariri wa picha, kila wiki, atafute “sura ya umaskini” na achukue iliyo karibu.

New Orleans yenyewe ikasaidia. Karibu theluthi mbili ya wakazi wake walikuwa weusi, na zaidi ya robo ya kaya hazikuwa na gari. Amri ya kuhama ilitolewa Jumapili tarehe 28, kimbunga kikatua Jumatatu alfajiri. Mwenye gari na akiba aliondoka. Asiye nacho alibaki, akaelekea uwanja wa Superdome au akapanda darini kwake. Kuta na matuta ya kuzuia maji yakapasuka, asilimia 80 ya mji ikafunikwa. Kwa hiyo kamera zilipofika zilikuta majini watu weusi, na maelezo ya kwa nini wako pale yalihitaji dakika tano za historia ya mishahara, nyumba na usafiri. Runinga haina dakika tano. Ina sekunde kumi za mtu anayetoka dukani na viatu, na sekunde hizo hurudiwa asubuhi, mchana, jioni na usiku wa manane mpaka wizi mmoja uwe mia.

Uporaji wa kweli ulikuwepo. Kuna walioondoka na runinga katika mji usio na umeme, na kuna polisi waliochukua magari ya biashara ya muuza magari. Nalitaja kwa sababu wapo wanaotetea watu weusi kwa kukana kila kitu, na utetezi wa namna hiyo huvunjika kwa ushahidi mmoja.

Kulikuwa na neno lingine siku zile ambalo kwa msomaji wa Kiswahili lina uchungu wa pekee: mkimbizi. Vyombo vya habari vya Marekani viliwaita waliohamishwa wakimbizi, na kelele zikaanza. Mchungaji Jesse Jackson alisema ni ubaguzi kuwaita raia wa Marekani wakimbizi. Rais Bush naye akasema hao si wakimbizi, ni Wamarekani. Magazeti kadhaa, likiwemo Washington Post, yaliliacha neno hilo, AP ikaendelea nalo.

Kwa lugha yetu mgogoro huo unashangaza kidogo. Mkimbizi kwetu ni anayekimbia, basi. Baada ya uchaguzi wa Kenya wa Desemba 2007, watu waliofurushwa Bonde la Ufa waliitwa wakimbizi wa ndani na hakuna aliyedai kwamba neno hilo limewavua uraia. Lakini ukisikiliza vizuri lile katazo, unasikia kitu kingine. Walioumia kuitwa wakimbizi waliumia kwa sababu walijua picha iliyo ndani ya neno: foleni ya watu weusi, vumbi, hema, mtoto mwenye inzi usoni. Picha hiyo waliitoa wapi? Kwenye runinga hizo hizo, katika habari za Goma ya mwaka 1994, Somalia na Ethiopia. Watangazaji walirudia kwamba mandhari ya New Orleans hayafanani na Marekani, yanafanana na dunia ya tatu. Mtu wa Kigoma au wa Kakuma aliyekuwa anasikiliza alijua anayetajwa ni nani. Mmarekani mweusi alitetewa asifananishwe na sisi, na hakuna aliyeuliza sisi tumekuwaje kipimo cha kudhalilika. Jackson alikuwa na haki ya kulalamika, ila lalamiko lake lilisimama juu ya mgongo wa mtu mwingine.

Nirudi kwenye maji, kwa sababu mpaka hapa mtu anaweza kusema haya ni mabishano ya maneno, na maneno hayazamishi mtu.

Jioni ya Jumatano tarehe 31 Agosti, meya wa jiji, Ray Nagin, aliamuru polisi wapatao 1,500 waache kazi ya kutafuta na kuokoa watu, warudi mitaani kudhibiti uporaji. Siku ya tatu hiyo. Watu bado wako juu ya mapaa. Hapa kitenzi kilikuwa kimeshakuwa sera. Gavana wa Louisiana, Kathleen Blanco, alipowatangaza askari wa National Guard, yaani jeshi la akiba la majimbo, waliotoka Arkansas, alisema wana bunduki za M-16 zilizojazwa risasi, wanajua kupiga na kuua, na anatarajia watafanya hivyo ikibidi. Alikuwa anawazungumzia raia wake wenye kiu.

Tetesi nazo zikapata wasemaji wenye vyeo. Tarehe 6 Septemba, kwenye kipindi cha Oprah Winfrey, mkuu wa polisi Eddie Compass alisema ndani ya Superdome watoto wachanga walibakwa. Nagin akazungumzia wahuni waliokuwa wakiua na kubaka mbele za watu. Nagin ni mweusi. Compass ni mweusi. Nalisema hili kwa sababu dhana potofu huzungumzwa kama ugonjwa wa Wazungu pekee, na kisa hiki kinakataa. Viongozi hao hawakuwa na simu zinazofanya kazi. Waliyajua ya Superdome kwa njia ile ile aliyoyajua mtazamaji wa Nairobi: kwa kusimuliwa. Wakasimuliwa, wakasimulia, mwandishi akaandika “mkuu wa polisi amesema”, na tetesi ikapanda kutoka kijiweni hadi ukurasa wa kwanza ikiwa na jina na cheo. Sidhani kama wangeiamini kwa wepesi huo iwapo uwanjani wangekuwa wamejaa wakazi wa vitongoji vya Wazungu. Hilo ni dhana yangu, siwezi kulithibitisha.

Wahenga walisema lisemwalo lipo, kama halipo laja. New Orleans lilikuja kweli, ila lilikuja kutoka upande ambao haukutajwa.

Tarehe 1 Septemba, watu waliojaribu kutoka mjini kwa miguu kupitia daraja kubwa la mto Mississippi walikuta polisi wa ng'ambo, wakiwemo wa mji mdogo wa Gretna wenye Wazungu wengi, wamefunga njia. Risasi zilipigwa juu ya vichwa vyao, wakarudishwa mjini. Mkuu wa polisi wa Gretna hakukana kulifunga daraja. Alisema alikuwa analinda mji wake. Mwaka 2007 jopo la raia la kuamua kama kuna kesi likakataa kumshtaki yeyote. Katika mtaa wa Algiers Point, ambao haukufurika, baadhi ya wakazi Wazungu waliweka vizuizi vya magogo barabarani na kulinda kwa bunduki dhidi ya “waporaji”. Wanaume weusi walipigwa risasi humo. Habari hizo zilichimbuliwa na kuchapishwa kwa kina mwishoni mwa mwaka 2008 tu.

Halafu likaja daraja la Danziger. Asubuhi ya tarehe 4 Septemba polisi walisikia kwenye redio kwamba wenzao wanashambuliwa kwa risasi. Wakapanda lori, wakafika darajani, wakafyatua. Waliopigwa walikuwa watu sita, wote weusi, wote bila silaha. Wawili walikufa: kijana wa miaka 17, na mwanamume wa miaka 40 mwenye ulemavu wa akili, aliyepigwa mgongoni. Familia iliyojeruhiwa ilikuwa njiani kwenda dukani kutafuta mahitaji.

Dukani, kutafuta mahitaji. Ndipo mtu anapoirudia ile picha ya kwanza.

Yaliyofuata yalifanana na kuandika maelezo ya picha upya. Ndugu wa yule mlemavu alikamatwa na kushtakiwa kwa kujaribu kuua polisi, mashtaka ambayo hayakusimama. Bastola ilitafutwa ikawekwa kwenye ushahidi. Siku za mwanzo habari ilitoka kama ilivyotolewa na polisi, kwamba watu wenye silaha wameuawa katika mapambano darajani, na iliingia akilini bila kukwama popote kwa kuwa wasomaji walikuwa na wiki nzima ya kuandaliwa kuipokea. Mwaka 2011 maofisa watano walitiwa hatiani. Hukumu ikafutwa mwaka 2013 baada ya kubainika kwamba waendesha mashtaka walikuwa wakiandika maoni mtandaoni kwa majina ya bandia. Mwaka 2016 maofisa hao wakakiri makosa, wakapewa vifungo kati ya miaka 3 na 12, na jiji likaomba radhi na kulipa fidia.

Je, maelezo ya picha ndiyo yaliyofyatua risasi? Hapana, na anayesema hivyo anazidisha chumvi. Polisi wa New Orleans walikuwa na sifa mbaya miaka mingi kabla ya Katrina. Nasema jambo dogo zaidi: polisi aliyepanda lori lile asubuhi ile hakuhitaji kujiuliza ni nani yuko darajani. Alikuwa ameambiwa tayari, na vituo vyote, kwa siku sita. Na yule mkazi wa Algiers Point mwenye bunduki hakuwahi kukutana na mporaji hata mmoja mtaani kwake ili amjue alivyo. Alimjua kwa sura.

Kuhusu marekebisho, yalikuja, na heshima yake ni kubwa kuliko kawaida. Tarehe 26 Septemba gazeti la nyumbani kabisa, Times-Picayune, lilichapisha uchunguzi wa waandishi wake, Brian Thevenot na Gordon Russell wakiwa mbele. Kwenye Superdome ilitumwa timu na lori la baridi kuchukua miili, wakiwa wameambiwa watarajie 200. Waliikuta sita. Wanne walikufa kwa maradhi, mmoja kwa kuzidisha dawa za kulevya, mmoja ilionekana amejirusha. Kwenye ukumbi wa mikutano wa jiji, ambako watu wengine walikimbilia na ambako ilisemwa wanachinjana, miili ilikuwa minne, na mmoja tu ndio ulioonekana kuwa wa mauaji. Siku iliyofuata Compass alijiuzulu. Lakini wiki nne zilikuwa zimepita. Marekebisho yalisomwa na wachache, na mpaka leo ukimuuliza mtu wa makamo anachokumbuka kuhusu Superdome, atakutajia ubakaji.

Thevenot alifanya kitu kimoja zaidi ambacho waandishi hawakipendi: alijichunguza mwenyewe hadharani. Mapema Septemba yeye ndiye aliyeripoti kwamba ndani ya jokofu la ukumbi wa mikutano kuna maiti 30 au 40, mmoja wao mtoto wa miaka saba aliyekatwa koo. Aliambiwa na askari wa National Guard, mlangoni pa jokofu, na hakulifungua. Maiti hizo hazikuwepo. Aliporudi kwa askari kuuliza waliyatoa wapi, akaambiwa waliyasikia wakiwa kwenye foleni ya chakula ya askari na waokoaji, nje ya kasino.